Kiti Nyuma ya Mstari

Prefe hakupenda kelele. Naanza na hilo kwa sababu Butembo nzima inamkumbuka kama mzee wa kelele, yule aliyekuwa akigonga jante, chuma cha gurudumu la gari, nyuma ya chuo mpaka majirani wakaenda kumshtaki kwa chefu wa mtaa. Kumbe kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na kwaya ikifungua bafle zake, spika zile kubwa, alitoka nje, akasimama kwenye mikaratusi mpaka wimbo uishe. Siku moja pasta alimuuliza kama ana shida na nyimbo za Mungu. Akajibu, "Hapana, Pasta. Mungu eko na masikio ya nguvu. Mimi ndiye nilipewa ya mubaya."

Tulimwita Prefe kwa sababu aliwahi kuongoza sekondari, zamani, kabla sisi hatujajua kusoma. Kazi ile aliiacha lakini jina halikumwacha. Nilipoingia chuo kusomea kilimo, nilimkuta ni kocha wa timu ya basket ya wasichana, naye ndiye aliyenifundisha karibu kila ninachokijua juu ya mpira ule, na vitu vingine ambavyo hadi leo sijui kama nimshukuru au nimlaani.

Namwandika sasa kwa sababu mdogo wangu Kavira amechaguliwa kwenye timu ile ile, na Prefe, ambaye tulidhani amestaafu kabisa, amerudi uwanjani. Mama aliposikia, aliweka kijiko chini. "Enda umusemeshe," akaniambia. "Wewe ndiye uko na haki. Asimufundishe Kavira vile alikufundisha." Mimi nilipigwa risasi ya bega la kulia pale Beni, katikati ya mechi, nikiwa nimesimama kwenye mstari wa mtupo huru. Tangu siku ile watu wote wamemfariji Prefe kwa neno moja: kwamba milio ya masasi ilikuwa mingi, kwamba alipaza sauti nilale chini lakini mimi, Masika, sikuweza kusikia. Mama yangu mwenyewe alimwambia hivyo hospitalini. Mimi nilinyamaza. Nilimsikia. Nilimsikia vizuri kabisa.

Prefe alikuwa mrefu, mwembamba, na koti moja la kahawia alilovaa jua liwake au ukungu wa Butembo ukae mpaka saa nne. Chini alivaa bote za shamba. Moto, yaani pikipiki, hakupanda. Alitembea kwa miguu kutoka nyumbani kwake hadi uwanjani, na mkononi kiti cha mbao. Vijana wa moto walimtania, "Prefe, panda na kiti yako, tutakubeba kama mwami!" Yeye alinyanyua tu kidole na kuendelea. Mimi siku za kwanza nilifikiri mzee anabeba kiti ili apumzike. Sikuwahi kumwona amekikalia.

Kwetu majina hutolewa kwa kufuata mtoto ni wa ngapi kuzaliwa, basi timu ya wasichana kumi na kitu lazima iwe na akina Masika watatu, na akina Kavira wawili, hakuna namna. Prefe alitutenganisha kwa mahali tulipotoka. Mimi nilikuwa Masika wa Vuhovi. Kulikuwa na Masika wa Kyavinyonge, binti wa mama muuza samaki, mwenye mabega kama ya mvuta kasia, na Masika wa Kalunguta aliyekuwa anacheka hata akianguka. Akikuita kwa jina tupu, bila kijiji, ujue umemkasirisha.

Sasa nieleze habari ya mtupo huru, maana bila hiyo huwezi kumjua Prefe. Kwa mtu asiyecheza: ukigongwa na mpinzani ukiwa unarusha mpira, mwamuzi anasimamisha kila kitu, unapewa mstari wako mbele ya kikapu, wote wanasimama wakikutazama, unarusha peke yako. Sisi tuliita kwa Kifaransa, lancer franc. Wachezaji wengi hawaipendi. Wanapenda kukimbia, kuruka, kurusha toka mbali ili watu wapige vigelegele. Prefe alidharau vyote hivyo. "Mechi za chuo," alisema, "hazishindwi kwa kuruka. Munakula mara moja kwa siku, munalala na vitabu, sima yenu ni ya asubuhi. Dakika za mwisho magoti inakufa, kila mutu anaanza kukamata mwenzake mukono. Donc basi mwamuzi anapiga filimbi, na tena, na tena. Mechi yote inakuja kukaa pale kwa mustari." Na alisema kweli, jamani. Uwanja wetu ulikuwa saruji yenye nyufa, chuma cha kikapu kimoja kimeinama upande, na mvua ikinyesha kidogo tu unateleza hadi kwenye mtaro. Timu zilizotukabili zilikuwa na wasichana warefu kutuzidi. Sisi tuliwashinda kwa mtupo huru, alama moja moja, kama mtu anayeokota maharage.

Lakini kwake haikuwa hesabu tu. Siku moja, tumechoka, tunamlaumu kwamba tumerusha mitupo tangu mchana bila kucheza hata kidogo, alituita tukae chini. Akaonyesha ule mstari kwa fimbo. "Muangalie hapa. Kutoka Butembo mpaka Beni, barrière ngapi za barabarani? Ukienda shamba, nani anakuuliza wapi unaenda? Ukirudi, nani anakuuliza ulitoka wapi? Kila fasi kuna mutu mbele yako, eko na mukono ya kunyoosha ao bunduki. Mais lakini hapa, kanuni inasema hakuna mutu ata mumoja wa kukugusa. Ni fasi moja tu katika inchi hii. Na ninyi munaipoteza!" Alikuwa amekasirika kabisa, macho yamejaa maji. Hakuna aliyecheka, hata Masika wa Kalunguta.

Kiti kilikuwa kwa ajili ya anayekosa. Hii ndiyo ilikuwa adhabu yake, na sijaiona kwa kocha mwingine. Ukikosa mtupo, hukimbii. Unakwenda kukaa kwenye kiti nyuma ya mstari, mikono juu ya magoti, na wenzako ndio wanakimbia kuzunguka uwanja kwa ajili yako. Unawatazama. Wanapita mbele yako wakihema, na wewe umekaa kama mgeni wa harusi. Ee Mungu wangu, bora ungechapwa. Niliwahi kukaa pale siku ya mvua, Masika wa Kyavinyonge anakimbia na homa ya malaria, na kila akipita ananiambia, "Usijali, Vuhovi, usijali," mpaka nikalia. Prefe alikuja akasimama pembeni yangu. Hakunifariji. Alisema tu, "Sasa unajua mupira ni ya nani."

Tulimwomba mara nyingi arushe na yeye, tumwone. Alikataa. Kavira mmoja wa timu yetu, msichana asiyeogopa mtu, alimwambia, "Prefe, pengine hujui!" Akajibu bila kukasirika, "Pengine. Na nikikosa, nani atakaa kwa kiti? Mimi? Na ninyi mukimbie sababu ya muzee, mpaka wapi?" Tukacheka, akacheka naye, akaokota mpira na kumpa Kavira.

Mtu huyu alikuwa mkali na alikuwa mpole, na mimi nilishindwa kujua lini atakuwa nini. Aliweza kukufukuza mazoezini kwa kuchelewa, halafu jioni ukamkuta kwenu, amekaa na mama yako jikoni akila sombe, anamweleza kwamba una akili na usiolewe haraka. Alisali kwa sauti ya chini kabla ya kila mechi, na neno alilomwomba Mungu si ushindi. Aliomba mwamuzi awe na macho. Waamuzi wa huko walimwogopa. Siku moja mwamuzi alitupatia mtupo ambao hatukustahili, Prefe akaingia uwanjani, akamwambia, "Hakumugusa. Uondoe." Tulipoteza mechi ile. Katika gari hakuna aliyemsemesha, naye akachungulia dirishani akipiga mluzi, mzee amefurahi peke yake.

Na sasa kelele. Viwanja vya ugenini ni vya kelele. Unasimama kwenye mstari, na watu wa pale wanapiga ngoma, wanapuliza tarumbeta, wanatukana mama yako kwa Kiswahili, kwa Kinande na kwa Lingala. Wasichana wetu walitetemeka. Basi Prefe akaleta jante ya gari, ile ambayo shule hutundika mtini iwe kengele, akaitundika kwenye nguzo ya kikapu. Akawaalika wamama wa mtaa waje na mabeseni yao na makopo. Wakaja wakicheka, maana nani angekataa kualikwa kupiga kelele? Unasimama kwenye mstari, jante inalia karibu na sikio lako, mabeseni yanapigwa, na yeye, ambaye kanisani hakuweza kuvumilia bafle, amesimama mbele yako na kutoa sauti kama mtu aliyeibiwa. "Masika! Nyumba ya kwenu inaungua! Masika, mama yako anakuita! Masika, angalia nyuma, nyoka!" Ukigeuka, kiti. Ukisita, kiti.

"Kelele si yako," alisema. "Iache na benyewe benye kuipiga."

Na neno lingine, lile ambalo limekaa nami kuliko yote: "Ata mimi. Ata mimi nikikuita pale kwa mustari, usinisikie. Utanisikia mupira ikisha kutoka kwa mukono."

Tulijifunza. Mwishoni niliweza kusimama pale, mabeseni yanalia, Prefe anatapika maneno, na ndani yangu kukawa kimya kabisa. Nilipenda kimya kile. Nitasema ukweli wote: sijapata raha kama ile tena maishani, wala kanisani wala nyumbani.

Mechi ya Beni ilikuwa ya mwisho wa mashindano ya vyuo. Watu walimwambia Prefe tusiende, kwamba pembeni ya mji kuna habari mbaya, watu wamehama mashamba yao. Lakini habari mbaya kule ni ya kila wiki, ukiingoja iishe hutaenda hata kwenye msiba wa baba yako. Tulisali, tukapita Kalunguta na Masika wetu akapungia mkono nyumba yao, tukafika. Uwanja ulijaa. Walitupigia kila kitu kinachopigika. Prefe alikuwa ametulia, na sisi tulitulia kwa kumtazama yeye.

Mwisho wa mechi tulikuwa nyuma alama moja. Nilichukua mpira, msichana wao akanikamata mkono, filimbi ikalia. Mitupo miwili. Wa kwanza niliutia, tukawa sawa. Nikapewa mpira wa pili, nikaudundisha vile nilivyozoea, nikavuta pumzi, na kile kimya changu kikaja.

Masasi yalianza upande wa barabara. Nilisikia. Watu wanasema mtu akifundishwa kutosikia hasikii, si kweli, unasikia kila kitu, ila unakiweka kando. Nilisikia tratratra na nikaiweka pamoja na mabeseni. Nilisikia watu wanakimbia na nikaiweka pamoja na ngoma zao. Kisha nikasikia sauti ya Prefe, ile ile ya mtu aliyeibiwa. "Masika! Lala! Masika, lala chini!" Nikaiweka pamoja na nyoka na nyumba inayoungua. Nikarusha.

Mpira uliingia. Niliuona ukipita katikati ya chuma. Hakukuwa na mwamuzi wa kuuandika, alikuwa ameshafika nyuma ya ukuta. Kisha kitu kikanisukuma begani, nikakaa chini polepole, nikashangaa kwa nini saruji ni ya moto.

Wengine wote walipona, kwa kuwa hawakuwa kwenye mstari, walikuwa huru kuogopa. Mimi nilipona pia, ukitaka kusema hivyo. Mkono wangu wa kulia haupandi juu ya kifua. Mdogo wangu Kavira ndiye anayenisuka nywele. Chuo nilimaliza, sasa nauza mbegu za kabichi na vitunguu hapa sokoni, na wateja wamezoea kwamba nawapa kwa mkono wa kushoto, hawaoni ni matusi.

Hospitalini Prefe alikuja kila siku. Alileta supu ya tilapia, aliitengeneza mwenyewe, chumvi ilikuwa nyingi mno. Alikaa kitandani, si kwenye kiti, kiti kilikuwepo na hakukigusa. Mama alimwambia lile neno la kumfariji, kwamba nisingeweza kusikia. Akanitazama. Alisubiri niseme kitu, niliona kabisa kwamba anasubiri. Nilifunga macho, nikajifanya nimelala. Nilikuwa na hasira naye hata sikuweza kumeza supu yake. Na nilimpenda, nikaona nikisema neno lile nitamuua mzee wa watu. Basi vyote viwili vilinifunga mdomo, na miaka ikapita hivyo. Jante ilishushwa. Alionekana kanisani tu, na siku hizi, walisema, kwaya ikianza hatoki tena nje. Anakaa tu, ameziba masikio kwa viganja.

Nilikwenda uwanjani alasiri ya juzi. Kabla sijafika niliisikia. Jante. Na mabeseni, na kicheko cha wamama, na sauti ile. Damu ilinipanda kichwani. Nilisema peke yangu barabarani, "Muzee huyu hana haya! Hana haya kabisa!" Mwuza ndizi akageuka kunitazama. Nilitembea mbio na mkono wangu umebanwa ubavuni, na lile neno nililolificha limekaa tayari mdomoni, nataka kumpiga nalo.

Prefe alikuwa amezeeka. Koti ni lile lile, ila mabega yamebaki madogo ndani yake. Kavira alikuwa kwenye mstari, mpira mkononi, uso wake umetulia mpaka nikaogopa. Niliujua uso ule kutoka ndani. Prefe alikuwa mbele yake akipiga kelele kwamba nyumba inaungua. Kisha akainama, akaokota mbao mbili, akazigonganisha pamoja, pah! pah!

Wasichana wote wakaangusha walichoshika na kulala kifudifudi kwenye saruji, mikono juu ya vichwa. Wamama wa mabeseni pia, na vitenge vyao, bila kucheka. Uwanja mzima ulilala. Kavira alikuwa ameshanyanyua mpira. Aliumalizia, ukaingia, ndipo akalala.

"Kavira," Prefe akasema. Jina tupu, bila kijiji. "Kiti."

"Mais Prefe, iliingia!"

"Niliona. Kaa."

"Nimetia, na nikae? Sababu ya nini?"

"Sababu ulisikia mbao na ukarusha. Kelele yote uiache na benyewe, mais hii ya masasi ni yako. Ata umeisha kuinua mupira, ata ni ya kushinda. Uiangushe. Kaa."

Kavira akaenda kukaa, amevimba mashavu, na wenzake wakaanza kukimbia kwa ajili yake. Ndipo Prefe akaniona. Alikuja polepole, akanyoosha mkono wa kushoto kunisalimu, amekumbuka. Hasira yangu yote, sijui ilikwenda wapi. Nilibaki na lile neno tu.

"Masika wa Vuhovi."

"Jambo, Prefe."

"Umekuja juu ya mudogo wako."

"Ndiyo. Mama alinituma. Lakini nimeona mbao."

Akaitika kwa kichwa. Tulisimama tukiwatazama wasichana wanaopita. Halafu akasema, bila kunigeukia, "Mama yako alinisemaka kama hukuweza kunisikia. Batu bote balinisemaka vile. Nimelala na lile neno kila siku. Mais wewe, mutoto yangu, hukusemaka kitu."

"Sikusemaka."

"Donc sema."

Ningeweza kumwachia. Alikuwa ameshabadilisha mazoezi, Kavira yuko salama kadiri mtu anavyoweza kuwa salama kwetu, neno langu halina kazi tena. Lakini aliniuliza kama kocha anavyomuuliza mchezaji, na mimi sikufundishwa kumdanganya mwamuzi.

"Nilikusikia, Prefe. Nilisikia jina yangu, nikasikia lala." Nilimtazama usoni. "Nilifikiri uko unanijaribu."

Aliitika kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Kisha akanishika mkono wangu, ule wa kulia ambao watu huuogopa, akasema, "Wasingya," asante, kwa Kinande, lugha ambayo hakuwahi kuitumia nasi uwanjani.

Akaenda hadi kwenye kiti. "Simama," akamwambia Kavira. Kavira akasimama. Prefe akakaa, akaweka mikono juu ya magoti, koti limemfunika.

Wasichana walisimama, wakatazamana. Hawakujua kitu. Lakini kiti kina sheria yake, na wote wanaijua, basi mmoja akaanza kukimbia, na wengine wakamfuata. Nilivua viatu, nikabana mkono wangu, nikaingia nyuma yao. Kavira akanifikia kwenye kona ya chuma kilichoinama.

"Yaya," mdogo wangu akasema, anahema, "Prefe alifanya nini?"

"Kimbia tu," nikamwambia.